Presha ya aldosteroni: kisu au vidonge, na vipimo vinavyotangulia

Dada yangu mkubwa alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, siku ya Ijumaa, mkono wake wa kulia ukagoma. Vidole vilijikunja kuelekea kiganjani vikakataa kukunjuka. Akaniita, "Njoo mdogo wangu, mkono umeniganda." Nilivinyoosha kimoja kimoja, nikiachia vinarudi vilevile. Wakati huo alikuwa na miaka 38, sita kati ya hiyo akiwa na presha. Alimeza dawa za aina nne, na kadi yake ya kliniki haikuwahi kuandikwa chini ya 150 kwa 95. Usiku aliamka mara nne kukojoa. Alipopimwa potasiamu ilikuwa 2.6, wakati ya mtu mzima mwenye afya huanzia 3.5. Kliniki wakamwambia ale ndizi, na lawama yote wakaitupia bendro, ile dawa ya kukojosha aliyokuwa anatumia. Alikula ndizi miaka miwili.

Baba yetu mdogo yeye hakukakamaa popote. Ana miaka 63, ana kisukari, na potasiamu yake ilikuwa nzuri siku zote. Ila presha haikushuka hata alipofikisha dawa ya nne, na moyo ukaanza kupiga ovyoovyo. Baadaye wote wawili walikutwa na ugonjwa mmoja: presha inayoletwa na homoni ya aldosteroni kuzidi mwilini. Dada alifanyiwa upasuaji, baba mdogo anatumia vidonge. Mimi ndiye niliyewasindikiza, niliyebeba bahasha za majibu na kupanga foleni za bima, na tangu hapo watu wananiuliza nani kati yao alichagua vizuri. Kwa maoni yangu wote wawili. Waliloteseka nalo ni ile njia ya tatu waliyokuwamo kwa miaka bila kuijua: kumeza dawa za presha za kawaida huku tezi ikiendelea kumwaga homoni kila siku.

Tezi inayofanya kazi bila kuagizwa

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia, nayo huitwa adrenali. Mojawapo ya homoni zake ni aldosteroni, ambayo Sylvia Simpson na James Tait, waliokuwa wakifanya kazi London, waliitenga mwaka 1953 pamoja na wenzao wa Uswisi. Aldosteroni huiambia figo ibakize chumvi na itoe potasiamu kwenye mkojo. Anayeagiza ni figo yenyewe, kwa kutumia kimeng'enya chake kiitwacho renini. Chumvi na maji vikipungua mwilini, renini hupanda na tezi hutii. Vikitosha, renini hushuka, na tezi inatakiwa itulie. Katika ugonjwa huu tezi haitulii. Renini iko chini kabisa, hakuna aliyeagiza, lakini aldosteroni inazidi kuja, chumvi inajaa na presha inapanda.

Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan ndiye aliyeueleza mwaka 1954, baada ya kumchunguza mwanamke wa miaka 34 mwenye presha, potasiamu ya chini, na misuli iliyokuwa ikilegea na kukakamaa. Alipopasuliwa alikutwa na uvimbe kwenye tezi moja, ukatolewa. Niliposoma habari za mwanamke yule nilimwona dada yangu juu ya mbuzi.

Wengi hudhani ni ugonjwa wa nadra. Kati ya watu 100 wenye presha, inakadiriwa 5 hadi 10 wanao. Kati ya wale ambao presha haishuki kwa dawa tatu, karibu mmoja kwa kila watano. Na wengi wao wako kama baba mdogo, potasiamu yao iko sawa, kwa hiyo ukingoja ishuke ndipo upime utawaacha wengi nje. Ubaya wake unazidi ule wa namba kwenye mashine. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa hawa na wenye presha ya kawaida, yaani presha ya juu isiyotokana na tezi hii: uwezekano wa kiharusi ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu, na wa moyo kupiga ovyo zaidi ya mara tatu. Aldosteroni inaumiza moyo, mishipa na figo hata pale dawa nyingine zinapoishusha presha kidogo.

Kupima ukiwa kwenye dawa, au baada ya kuziacha

Kipimo cha kwanza ni damu tu. Hupimwa aldosteroni na renini kwa pamoja, kisha huangaliwa uwiano wake. Hutolewa asubuhi, baada ya kuamka na kuwa wima walau saa mbili, halafu unakaa kwenye kiti dakika 5 hadi 15 kabla ya sindano. Potasiamu ikiwa chini irekebishwe kwanza, maana hushusha aldosteroni na kumfanya mgonjwa aonekane mzima. Na usijinyime chumvi siku zile kwa kutaka majibu mazuri. Ukijinyima, renini itapanda na kuuficha ugonjwa.

Njia ya zamani ni kuacha dawa zinazovuruga majibu: spironolaktoni wiki nne, na nyingine kama losatani, enalaprili au atenololi wiki mbili, huku ukipewa badala yake zisizovuruga sana kama verapamili, haidralazini au doksazosini. Faida yake ni majibu safi. Hasara yake niliiona kwa dada. Siku ya kumi baada ya kubadilishiwa dawa presha ilifika 190 kwa 115, kichwa kikimgonga, nasi tukakesha hospitali. Mtu mwenye moyo dhaifu au aliyewahi kupata kiharusi hapaswi kupitishwa huko bila uangalizi wa karibu.

Njia ya pili ni kupima ukiwa kwenye dawa zako, kisha majibu yakasomwa kwa kuzizingatia. Losatani na enalaprili kwa kawaida hupandisha renini. Kwa hiyo kama unazitumia na bado renini iko chini kabisa, ushahidi umekuwa mzito zaidi. Atenololi na bisoprololi hushusha renini, hivyo zinaweza kumfanya asiye mgonjwa aonekane mgonjwa. Diklofenaki na dawa za maumivu za jamii yake hali kadhalika. Baba mdogo alipimwa hivi, akiwa kwenye losatani na amlodipini, bila kuacha hata kidonge. Renini yake ilikuwa karibu na sifuri. Chama cha Endokrinolojia cha Marekani kilitoa mwongozo mpya mwaka 2025 unaopendekeza kila mwenye presha apimwe walau mara moja, na kwamba unaweza kuanza bila kubadilisha dawa. Kwa mazingira yetu mimi naiunga mkono njia hii kwa moyo wote. Daktari akiona majibu yana utata ndipo abadilishe dawa na kurudia.

Kuna jambo dogo linaloharibu majibu ya wengi. Sampuli ya renini isiwekwe kwenye barafu kabla ya kutenganishwa. Ubaridi huigeuza renini changa kuwa renini kamili, na namba inapanda kwa uongo. Ikae kwenye joto la kawaida la chumba, itenganishwe, kisha igandishwe haraka. Kama maabara unayokwenda husafirisha sampuli kwingine, waulize wanaishughulikiaje. Sampuli ya kwanza ya dada niliona kwa macho yangu ikitumbukizwa kwenye kidebe cha barafu, na majibu yalisema hana tatizo. Mwaka mzima ukapotea.

Na mwambie daktari kama unatumia urukususu, ule mzizi mtamu wa maduka ya dawa za asili unaotafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya kikohozi. Ukitumiwa sana huleta picha ileile, presha juu na potasiamu chini, bila tezi kuwa na kosa lolote. Mtu anaweza kuishi kwa hofu ya uvimbe kumbe dawa ni kuacha mzizi.

Dripu au kaptoprili

Uwiano ukiwa mbaya mara nyingi hufuata kipimo cha kuthibitisha. Mwenye potasiamu ya chini yenyewe, renini isiyoonekana na aldosteroni ya juu sana, zaidi ya 20 kwa vipimo vya nanogramu kwa desilita, hakihitaji tena kipimo hicho. Wengine huchaguliwa kati ya njia hizi mbili. Ya kwanza ni lita mbili za dripu ya chumvi kwa saa nne, kisha aldosteroni inapimwa: mwili uliojazwa chumvi hivyo unapaswa kuizima. Ni kipimo kizuri, ila kinataka kitanda, muuguzi wa kupima presha mara kwa mara, na moyo wenye nguvu. Ya pili ni kumeza kaptoprili ya miligramu 25 au 50 na kupima tena damu baada ya saa moja au mbili. Ni nafuu, hakuna maji ya kuujaza moyo, na kaptoprili haiadimiki. Majibu yake huwa na utata zaidi kidogo, lakini kwa mzee, au mwenye moyo uliovimba, ningeomba hiyo.

Swali la kisu lije kabla ya swali la mshipa

Hapa ndipo watu wanapotumia pesa nyingi bila sababu. Ugonjwa huu una sura mbili kubwa. Ama tezi moja ndiyo inayomwaga, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe mdogo usio saratani, ama zote mbili zinamwaga. Ya tezi moja hutibika kwa kuitoa. Ya tezi mbili hutibiwa kwa vidonge, kwa sababu huwezi kumtoa mtu tezi zote na kumwacha bila homoni za kuishi.

Ili kujua ni ipi, kuna CT skani ya tumbo na kuna kuchukua damu kwenye mishipa ya tezi zenyewe. Lakini kabla ya hicho cha pili jiulize: nikiambiwa ni tezi moja, nitakubali kupasuliwa? Mwili wangu utaruhusu? Baba mdogo alijibu hapana papo hapo. "Mwanangu, kisukari na moyo huu, kisu sikitaki." Daktari wake akamwambia basi safari ya kwenda kupimwa mishipa haina maana, tuanze vidonge. CT alifanya, kwa kuwa kila mwenye ugonjwa huu anatakiwa kuhakikishiwa kwamba hana uvimbe mkubwa wa hatari.

CT ina uzuri wake. Inapatikana katika miji mingi, inakwisha kwa dakika chache, na inamwonyesha daktari wa upasuaji njia. Ubaya wake ni kwamba inaona umbo, haioni homoni. Kadiri umri unavyosonga watu wengi huota vinundu kwenye tezi hizi visivyofanya lolote, na kinundu kinachomwaga kinaweza kuwa kidogo kiasi cha kutoonekana. Mwaka 2009 watafiti walikusanya wagonjwa 950 waliopimwa kwa njia zote mbili. Kwa asilimia 37.8 picha na mishipa havikukubaliana. Kama picha pekee ingefuatwa, asilimia 14.6 wangepasuliwa wakati tatizo liko pande zote mbili, 19.1 wangenyimwa upasuaji uliowafaa, na 3.9 wangetolewa tezi ya upande usio na kosa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nisimame imara kwa dada yangu.

Upande wa pili nao una hoja yake, na ni haki kuusema. Utafiti wa Uholanzi na Poland uliotolewa mwaka 2016 uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakatibiwa kwa kufuata CT, wengine kwa kufuata mishipa. Baada ya mwaka, kati ya 184 waliofuatiliwa, makundi hayakutofautiana kwa idadi ya dawa walizohitaji. Kati ya waliopasuliwa, homoni ilipona kwa asilimia 80 waliofuata CT na 89 waliofuata mishipa, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuhukumu. Kwa hiyo anayeshindwa kabisa kupata kipimo cha mishipa hajafungiwa mlango. Na kijana aliye chini ya miaka 35, mwenye potasiamu ya chini, aldosteroni ya juu sana, na uvimbe mmoja ulio wazi huku tezi ya pili ikiwa safi, miongozo huruhusu apasuliwe kwa CT peke yake. Dada alikuwa ameshapita umri huo, na uvimbe wa sentimita 1.6 kushoto. Tukasafiri naye India.

Nilimsubiri nje ya chumba kile karibu saa mbili. Alikuwa macho muda wote. Walipitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye kinena hadi karibu na tezi, wakachukua damu kushoto, kulia, na kwenye mshipa wa kawaida. Kushoto hakukuwa na shida, kwa sababu mshipa wake unaingia kwenye mshipa wa figo na unafikika. Wa kulia ni mfupi na mwembamba, umejichomeka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa chini, na hapo ndipo mafundi wasio na mazoea hukosa. Ili kujua kama wamefika kweli, kotisoli, homoni nyingine ya tezi hii, hupimwa pamoja na aldosteroni. Damu ya tezi ina kotisoli nyingi kuliko ya mkononi. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa mishipa ni moja: umefanya ngapi, na mara ngapi uliufikia wa kulia? Akikujibu kwa namba, umepata mtu. Majibu ya dada yalielekea kushoto bila shaka yoyote.

Upasuaji

Tangu Michel Gagner wa Montreal alipoonyesha mwaka 1992 kwamba tezi hii inaweza kutolewa kwa kamera kupitia matundu madogo, mambo yamekuwa mepesi sana. Dada alikuwa na matundu manne, akatoka wodini siku ya tatu. Tezi iliyobaki inatosha kwa maisha yote, hahitaji homoni za kuongezewa. Ila kabla ya kisu lazima apimwe kotisoli kwa kidonge cha deksamethasoni cha miligramu moja usiku. Baadhi ya vivimbe humwaga homoni zote mbili, na vikitolewa tezi ya pili, iliyokuwa imelala, inaweza kushindwa kuamka kwa wakati.

Matarajio nayo yawekwe sawa. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2017 uliofuatilia watu 705 waliopasuliwa ulikuta homoni na potasiamu vimepona kabisa kwa asilimia 94. Presha kupona kabisa bila dawa yoyote ilikuwa asilimia 37, na wengine 47 walipata nafuu, yaani presha ilishuka au dawa zilipungua. Wanawake na vijana ndio walionufaika zaidi. Miaka mingi ya presha hukakamaza mishipa, na kisu hakiirudishi mishipa ujana wake. Kwa hiyo ukiwa na sababu ya kupasuliwa usichelewe. Dada yangu leo anameza amlodipini moja tu, potasiamu yake ni 4.2 bila ndizi za kulazimishwa, na analala hadi alfajiri.

Wiki za kwanza zina hatari yake ambayo hospitali ya nyumbani tulikorudi haikuijua. Walimwandikia aendelee na spironolaktoni na vidonge vya potasiamu "kama zamani". Visiendelee. Tezi iliyobaki ilikuwa imezimwa kwa muda mrefu na inachukua wiki kadhaa kuzinduka, kwa hiyo potasiamu inaweza kupanda hadi kuhatarisha moyo. Dawa hizo huachwa mara baada ya upasuaji, chumvi haikatazwi kwa wiki chache za mwanzo, na potasiamu hupimwa kila wiki kwa karibu mwezi mmoja. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, pia inaweza kupanda kidogo, kwani presha kubwa ilikuwa ikiificha hali halisi ya figo. Ifuatiliwe.

Vidonge

Wengine husema kidonge ni cha aliyekosa kisu. Siyo sawa, na baba mdogo ni ushahidi. Spironolaktoni huziba mahali aldosteroni inapofanyia kazi. Ni dawa ya tangu miaka ya 1960, bei yake haitishi, na ndiyo ambayo mwongozo wa 2025 unaipendekeza kwanza kati ya dawa za aina hii kwa sababu ya bei na upatikanaji. Huanzwa na miligramu 12.5 au 25 mara moja kwa siku na kupandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 25 na 100. Haishushi presha kwa siku mbili. Ipe wiki nne hadi nane kabla ya kukata tamaa.

Kosa kubwa nililoliona ni kuiachia kwenye dozi ndogo mara presha inapoonekana nzuri. Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa wagonjwa waliotibiwa kwa vidonge hivi. Wale ambao renini yao ilibaki imezimwa waliendelea kupata matatizo ya moyo kuliko wenye presha ya kawaida. Wale ambao dozi ilitosha hadi renini ikaamka, ikavuka nanogramu 1 kwa mililita kwa saa, hawakuwa na hatari ya ziada. Kwa hiyo muulize daktari wako namba ya renini baada ya miezi michache, usiridhike na namba ya mashine ya presha pekee. Baba mdogo alikuwa na 138 kwa 84 kwa miligramu 25, sote tukafurahi, lakini renini ilikuwa imelala. Ikapandishwa hadi 75. Renini ikaamka, na akapunguziwa dawa mbili nyingine.

Kisha likaja lile ambalo wanaume hawalisemi. Alikuwa akimbeba mjukuu kifuani, akamrudisha kwa mama yake ghafla. Baadaye aliniita pembeni akanionyesha kwa aibu: chuchu zimevimba na zinauma hata kanzu ikizigusa. Spironolaktoni hufanya hivyo kwa wanaume, zaidi dozi inapopanda, na inaweza kupunguza nguvu za ndoa. Kwa wanawake inaweza kuvuruga hedhi, na kwa anayetaka mimba haifai kabisa. Wengi huiacha kimyakimya na kurudi walikotoka. Waambieni wagonjwa mapema, kwa sababu kuna pa kwenda. Eplerenoni hufanya kazi ileile bila kugusa sana homoni za uzazi. Ina nguvu kidogo kuliko mwenzake, mara nyingi hutakiwa mara mbili kwa siku, na ni ghali zaidi. Amiloridi hufunga njia ya chumvi kwenye figo kwa namna nyingine. Haiukingi moyo dhidi ya aldosteroni kwa uhakika uleule, lakini haina matatizo ya matiti. Wengi wanaijua ndani ya Moduretic, ambamo imechanganywa na dawa ya kukojosha. Baba mdogo yuko kwenye eplerenoni, watoto wake wanachangia.

Hatari halisi ya vidonge hivi ni potasiamu kupanda, hasa kwa mwenye figo dhaifu au kisukari. Ipimwe pamoja na kreatinini ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo, na kila dozi inapopandishwa. Zile ndizi na vidonge vya potasiamu ulivyoandikiwa zamani viachwe kwa maelekezo ya daktari. Madafu yana potasiamu nyingi, na huku pwani mtu anaweza kunywa matatu kwa siku bila kufikiri. Chumvi mbadala za madukani mara nyingi huwa na potasiamu nyingi. Na Septrin, ambayo wengi huitumia na wengine kila siku, huzuia potasiamu kutoka kwenye figo. Ikikutana na spironolaktoni inaweza kuua. Kila anayekuandikia dawa ajue unatumia nini. Chumvi ya mezani nayo, ng'onda na papa mkavu pia, vipunguzwe, kwa sababu vinaipunguzia dawa nguvu.

Kama kipimo hakipatikani au pesa haitoshi

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi. Presha haishuki kwa dawa tatu, na kipimo cha homoni mbili ni bei ya mshahara. Je, mtu aanze tu spironolaktoni? Kwa uangalizi wa daktari na kipimo cha potasiamu na kreatinini, ambacho ni nafuu, ndiyo, ni njia ya heshima. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliilinganisha na bisoprololi na doksazosini kwa wenye presha sugu, spironolaktoni ikashinda zote. Mwaka 2017 madaktari wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kuchagua dawa kwa kufuata renini na aldosteroni za mgonjwa, wakaongeza spironolaktoni au amiloridi kwa wanaostahili. Presha ilidhibitiwa kwa wengi zaidi kuliko kwa matibabu ya kawaida. Ninachokosa katika njia ya kubahatisha ni kwamba huwezi kujua kama ungepona kwa upasuaji. Mwenye miaka 35 na potasiamu ya chini ningemsihi familia ichangishane apime kwanza, kwa kuwa ana miaka mingi ya kumeza vidonge mbele yake. Mwenye miaka 65 ambaye hataki kisu, pesa ile ni bora iende kwenye vipimo vya potasiamu vya mwaka mzima.

Kabla hujalipia, uliza bima yako mambo matatu kwa maandishi: wanalipia aldosteroni na renini, wanalipia kumwona daktari bingwa wa homoni, na rufaa ianzie wapi. Sisi tulirudishwa dirishani mara mbili kwa kukosa muhuri mmoja.

Mahali pasipo na cha kuchagua

Siyo presha zote za homoni zina mizani hii. Mtu akipata vipindi vya kichwa kuuma ghafla, jasho la kulowesha nguo na moyo kwenda mbio, ukimpima presha imeruka, huenda ana uvimbe wa feokromositoma kwenye tezi hiyohiyo. Hupimwa metanefrini, mabaki ya homoni zinazomwagwa na uvimbe huo, kwenye damu au mkojo wa saa 24. Hapo tiba ni upasuaji, lakini si wa haraka. Kwanza hupewa dawa za kulegeza mishipa kama doksazosini kwa wiki moja au mbili, na atenololi na wenzake wasitangulie kamwe, maana presha inaweza kulipuka. Anayenenepa uso na tumbo huku mikono ikikonda, ngozi ikipasuka michirizi ya zambarau, apimwe kotisoli. Tezi ya shingo nayo ipimwe, ni damu ya bei ndogo.

Kwa hiyo uvimbe wowote unaoonekana kwenye CT ya adrenali usiguswe kwa kisu wala sindano ya kuchukua nyama kabla metanefrini hazijarudi, hata kama aldosteroni tayari iko juu. Dada alikuwa ameshapangiwa chumba cha upasuaji huku nyumbani kabla hatujasafiri, tarehe imeandikwa, na kipimo hicho hakuna aliyekuwa amekiomba. Tulikiomba sisi, kikarudi safi baada ya siku tisa, ndipo tukakata tiketi.